Mkopo wa asilimia 10 na wa nyumba wa asilimia 12, upi nafuu?

mpangaji_sugu
Wakuu habari, naombeni mnieleweshe. Kuna nyumba ndogo nataka kununua, nimepungukiwa milioni 10. Benki moja inanipa mkopo wa nyumba asilimia 12 kwa miaka 20, dhamana ni nyumba yenyewe. Kwingine wana mkopo binafsi asilimia 10 miaka 5, hawataki dhamana, wanaangalia slipu ya mshahara tu. Mi naona wa 10 ndo nafuu ila waifu anasema kuna kitu hakijakaa sawa. Alafu nina deni la kadi ya mkopo, kila mwezi nalipa kile kiwango cha chini, hilo nadhani halina shida.

hesabu_kwanza
Msikilize mkeo. Waulize asilimia 10 ya NINI. Kama ni riba ya flati, inapigwa kwenye milioni 10 yote kila mwaka, kwahiyo milioni 1 mara 5, unarudisha milioni 15, yaani 250,000 kwa mwezi. Mwaka wa nne ushalipa sehemu kubwa ya deni lakini bado wanakuchaji kama vile ile milioni 10 yote unayo mfukoni. Ukiigeuza iwe riba inayopungua na salio (yaani inapigwa kwenye deni lililobaki tu) inafika zaidi ya asilimia 17. Hiyo 12 ya benki kama ni ya salio, kwa miaka 5 hiyohiyo ungelipa kama 222,000.

mzee_wa_rejesho
Sawa ila usiikimbilie hiyo miaka 20 mkuu. Rejesho litakuwa kama 110,000 hivi, mwezi wa kwanza 100,000 inaenda kwenye riba, deni lenyewe linapungua 10,000 na kidogo. Mimi baada ya miaka 3 nilienda kuchukua taarifa ya mkopo deni halijashuka, nikadhani wameniprintia ya mtu mwingine!! Kwa hesabu yako utakuwa umelipa karibu milioni 4, deni limeshuka laki 4 na kitu tu. Mpaka umalize ni milioni 26 na ushee. Ukiweza kulipa kama 143,500 kwa mwezi unamaliza miaka 10 kwa milioni 17 na kidogo. Na uliza kama riba inaweza kupanda katikati, na kama kuna faini ukilipa mapema.

mama_wa_bajeti
Kaka hiyo kadi ndo yenye shida kuliko vyote. Kile kiwango cha chini wamekiweka ili deni lisiishe, na kwa kawaida usipolipa lote ule muda wa bila riba wanaokupa baada ya kununua kwa kadi unaupoteza hata kwa manunuzi mapya. Ukitoa keshi ndo kabisa, riba inaanza siku hiyohiyo. Benki nayo itahesabu hilo deni kabla ya kukupa mkopo wa nyumba, limalize kwanza. Na "hawataki dhamana" isikudanganye, ukikwama mahakamani wanaenda tu, na kama una mdhamini wanaanza kumsumbua yeye.

mpangaji_sugu
Nimewapigia. Nikauliza asilimia 10 ya nini, dada akasema "ya mkopo wote kaka", alafu akaongeza kuna ada ya kuandaa mkopo na bima wanakata hukohuko kabla hela haijaingia, kwahiyo hata hiyo milioni 10 siipati kamili. Kosa nililofanya nimemwonyesha waifu huu uzi, sa hivi ananisomea kwa sauti.