Tupeane uzoefu: ulikadiriaje gharama za nyumba isiyokula umeme?

Ramani Mkononi (mwanzisha mada)
Wadau, habari za saa hizi. Nataka kujenga nyumba ya familia moja, ya chini, isiyonitoa jasho kila bili ya umeme ikija. Shida ni moja: kila ninayemuomba makadirio anachukua mita za mraba, anazidisha kwa kiwango chake, halafu chini anaongeza asilimia "za hayo mambo ya kuokoa nishati". Mambo yapi, hasemi. Mliokwisha kujenga, mlipigaje hesabu? Bei msinitajie, kila mtu na soko lake. Nipeni njia.

Kona Chache
Mkuu, anza na umbo kabla hujauliza bei ya chochote. Mkadiriaji majenzi wangu alichukua karatasi akanionyesha. Nyumba ya mita 10 kwa 10 ina mita za mraba 100 na mzingo wa mita 40. Ya mita 5 kwa 20 ina mita za mraba zilezile 100, lakini mzingo wake ni mita 50. Kuta zikiwa na kimo cha mita 3, umeshajiongezea mita za mraba 30 za ukuta: tofali, plasta, rangi, kihami joto (lile tabaka la kuzuia joto lisipenye). Na huko ndiko joto litakakopita miaka yote utakayoishi humo. Ramani yangu ilikuwa na kona kila mahali, zile za kupendezesha. Tukazipunguza, na kilichookolewa kikanunua madirisha ya vioo viwili. Anayekupa bei kwa mita za sakafu peke yake hajaziangalia kuta zako.

Mzee wa Linta
Kona Chache kamaliza. Naongezea kihami joto. Muuzaji atakwambia weka kinene kadiri uwezavyo, kwake ni biashara. Hesabu iko hivi: ukitoka sentimita 5 kwenda 10, joto linalopenya kwenye kihami hicho linapungua nusu. Ongeza 5 nyingine, linabaki theluthi moja ya lile la mwanzo. Ongeza 5 tena, robo. Kila 5 unailipia vilevile, ila inakurudishia kidogo kuliko iliyotangulia. Lakini msikimbilie kubana: jukwaa la mafundi, gundi na plasta ya juu unavilipia karibu sawa, kihami kiwe chembamba au kinene. Ndiyo maana kwenye BOQ (ile orodha ya kazi na vifaa, kila kimoja na kiasi na bei yake) nilitaka kihami kiwe na mstari wake na kazi ya kukibandika iwe na wake. Darini nilijaza zaidi kuliko ukutani, kule kazi ni kutandaza tu.

Dirisha la Pili
Mimi yangu ni malalamiko. BOQ ilikuwa na dirisha, ilikuwa na ukuta, ila pengo la kati ya dirisha na ukuta halikuwa la mtu. Mkandarasi akasema "tutaziba". Nikadai kipimo cha uvujaji hewa: feni inafungwa mlangoni, inavuta hadi tofauti ya presha kati ya ndani na nje ifike paskali 50. Kipande cha karatasi laini kilikuwa kinacheza mbele ya soketi, ukutani kabisa, madirisha yote yamefungwa! Kwenye viwango vya Wajerumani vya "passive house", yaani nyumba inayotumia nishati kidogo sana, walioijenga ya kwanza Darmstadt miaka ya 1990-91, kwa presha hiyo hewa yote ya nyumba isibadilike zaidi ya mara 0.6 kwa saa. Sisi tulikuwa mbali sana. Dada yenu nawaambia, andikeni mstari wa kuziba na mstari wa kupima, na kipimo kifanyike kabla ya umaliziaji. Baada ya hapo ni kubomoa.

Ramani Mkononi
Asanteni sana. Kwa hiyo sola inakuja mwisho? Fundi sola ameshanitumia makadirio yake.

Mama Mjengo
Ameyapata wapi, na nyumba haijajulikana itakula kiasi gani? Mwambie asubiri. Hita ya koili inakupa uniti 1 ya joto kwa uniti 1 ya umeme. Pampu ya joto, ambayo huhamisha joto la hewa ya nje badala ya kulizalisha, hutoa kama 3 kwa umeme uleule. Hapo tu idadi ya paneli za kukupa umeme wa kuchemshia maji imeshabadilika. Ukiliziba paa na kuta vizuri, hata kiyoyozi unanunua kidogo. Halafu waulizeni habari ya inveta na betri: paneli nyingi zina waranti ya miaka 25, hivyo viwili kwa kawaida havifiki huko. Kuvibadilisha ni sehemu ya gharama, hata kama hakumo kwenye karatasi ya leo.

Paa Pana
Mnamtisha mwenzenu. Vingine ni bure kama msingi haujachimbwa. Pande ndefu zitazame kaskazini na kusini, madirisha ya magharibi yawe madogo, maana jua la jioni liko chini na upenu haulizuii. Kuhusu bei, fundi asiyewahi kuifanya kazi hiyo anakutajia bei ya woga. Niliwaomba wakandarasi wote bei mbili, ya nyumba ya kawaida na ya kila nyongeza peke yake. Wawili walikataa kuchanganua, nikawaacha. Aliyebaki, nyongeza zake zilikuwa chini ya zile "asilimia" za wenzake.

Ramani Mkononi
Naenda kuichora upya. Na dharura mlitenga ngapi?

Mzee wa Linta
Mimi asilimia 10, na 15 kwenye msingi. Udongo hauna BOQ.