Mrejesho: Kibanda cha kulala juu ya pikapu

Wakuu, niliuliza namna ya kujenga kibanda cha kulala kwenye pikapu ambacho pia kitabeba kayaki (mtumbwi mdogo mwembamba wa kasia), baiskeli na vifaa vya kuvulia. Mlisisitiza vitu vizito vikae chini, mbele ya ekseli (mhimili wa magurudumu) ya nyuma. Asanteni sana! Fundi wa hapa Mwanza ameinua kitanda, chini yake droo ndefu ya baiskeli. Tenki la maji la lita 60, ambazo ni kilo 60 kamili, limeegemea kabini. Kayaki pekee ipo kwenye keria. Tumevuka daraja la Kigongo–Busisi upepo wa ziwa ukivuma, gari limetulia kabisa. Madirishani wekeni wavu wenye matundu madogo mno, wadudu wa ziwani hawana huruma. Bado tundu la hewa la juu: mnazibaje lisivuje masika?