Tupeane uzoefu: namba ya toleo iliyowahi kukuponza au kukuokoa

MwashiWaKodi

Wakuu, habari za jioni. Nimefungua uzi huu kwa sababu jambo lenyewe limeniumiza, na najua sipo peke yangu. Naongelea zile namba tunazobandika kwenye programu: 3.4.2, 1.10, 22.04. Wengi tunaziweka kwa kukadiria. Tukitoa jasho sana tunapandisha namba ya mbele, tukigusa kidogo tunapandisha ya mwisho. Mimi nilikwenda hivyo miaka sita.

Mwaka 2021 nilikuwa nahudumia programu ya mauzo ya duka la vifaa vya ujenzi Mwanza. Duka lina matawi mawili, yote yanavuta bei kutoka seva moja. Tulikuwa toleo 3.4.2. Mhasibu wao akaomba bei itumwe bila VAT, maana VAT anaijumlisha mwenyewe kwenye hesabu zake. Nikaingia kwenye kodi, yaani maandishi ya programu yenyewe (code), nikabadilisha mstari mmoja. Mstari mmoja, wakuu. Nikaandika 3.4.3, "marekebisho madogo", nikaenda kulala.

Tawi la pili lilikuwa na programu ndogo ya kaunta iliyoandikwa na kijana mwingine. Nayo ilisoma sehemu ileile iitwayo "bei", ila kwake bei ni ile anayolipa mteja. Asubuhi bati la 23,600 likasomeka 20,000. Hakuna kilichogoma, hakuna ujumbe mwekundu, kaunta ikauza kama kawaida. Siku mbili. Aliyegundua ni mzee mwenye duka, alipokaa jioni kulinganisha daftari lake la mkono na mauzo ya kwenye mashine. Akanipigia. Hakufoka. Aliniuliza tu, "Mwanangu, si uliandika ni marekebisho madogo?"

Kilichonikata maini ni hiki. Yule kijana alikuwa makini kuliko mimi. Kaunta yake ilikagua namba ya seva kabla ya kuvuta bei: ikianza na 3 inaendelea, ikianza na 4 inasimama na kumtumia yeye ujumbe. Ningeandika 4.0.0, mauzo yangesimama dakika kumi, angenipigia, tungemaliza. Nilimwambia kwa namba kwamba pako salama, naye akaniamini.

Mwaka uliofuata nikakosea upande wa pili. Nilihamisha hifadhidata yote kwenda PostgreSQL, programu nyingine ya kutunzia data, miezi mitatu nakesha. Kwa nje hakuna kilichobadilika, hata kitufe kimoja. Kwa kuwa nilichoka sana nikaita 4.0. Wateja wakaogopa! Watatu walikataa kuapdeti mpaka wapewe mafunzo, na ndani ya toleo hilo nilikuwa nimeziba tundu kwenye upande wa nywila. Wakakaa na tundu hilo miezi minane kwa sababu ya namba niliyoipandisha kwa uchovu wangu.

Ndipo nikakaa nikasoma SemVer (Semantic Versioning), kanuni za kupanga namba za matoleo zilizoandikwa na Tom Preston-Werner, mmoja wa waanzilishi wa GitHub, tovuti ya kutunzia kodi. Namba kuu inapanda pale aliyekutegemea atakapovunjikiwa kitu. Ya kati inapanda ukiongeza jambo bila kuvunja la zamani. Ya mwisho ni kiraka, umerekebisha kasoro basi. Nimezisoma mara nyingi, hazitaji popote kazi ilikuchukua muda gani wala umeandika mistari mingapi.

Karibuni mmwage yenu. Yaliyowaponza na yaliyowaokoa.

BintiWaSeva

Pole sana mkuu, hiyo ya bati imenigusa.

Yangu ni ya PHP, lugha ya kuandikia tovuti, na hapo namba ilisema ukweli mtupu, mimi ndiye sikusikiliza. Nilikuwa na tovuti kumi na moja za wateja: shule, hoteli mbili za Arusha, chama cha akiba na mikopo. Zote niliziandika kwa mysql_connect na wenzake, vitendakazi vya kuunganisha tovuti na hifadhidata, kama tulivyofundishwa chuoni. Tangu PHP 5.5 walikuwa wanaonya kwamba vitendakazi hivyo vinaondoka. Mimi maonyo niliyazima yasionekane kwenye ukurasa, kwa kuwa mteja hapendi kuyaona. PHP 7.0 ilipotoka Desemba 2015 wakaviondoa kweli.

Kampuni iliyonihifadhia tovuti ikatuma barua pepe: tunahamia 7 mwisho wa mwezi. Nikaisoma nikiwa kwenye daladala nikasema nitarudi. Sikurudi. Jumatatu tovuti kumi na moja zote kurasa nyeupe, na mkuu wa shule yupo kwenye simu, matokeo ya muhula yalitakiwa yawe hewani asubuhi ile. Nilibadilisha moja moja kwenda mysqli, mbadala wa vile vilivyoondolewa, kwa siku nne, nalala saa tatu tatu.

Tangu siku hiyo namba ya mbele ikibadilika kwenye kitu chochote ninachokitegemea, nafungua daftari, naandika tarehe, na siku hiyo sipokei kazi nyingine. Tena angalieni, waliruka kutoka 5 hadi 7. Toleo la 6 lilifanyiwa kazi miaka ikaachwa njiani, na kwa kuwa watu walishalizungumzia na kuliandikia, wakaona ni salama zaidi kuiacha namba hiyo izikwe. Mimi naona walituheshimu. Namba ikishabeba maana vichwani mwa watu usiibandike kwenye kitu kingine.

Msomamita

Hamjambo nyote, niko Kisumu.

Nilitengeneza programu ya simu ya wasoma mita za maji. Vijana arobaini, kila mmoja na simu yake ya Android, wanazunguka mitaani wanapiga picha mita. Programu ikifunguka inaiuliza seva: kuna toleo jipya? Likiwepo, inalishusha.

Tulitoka 1.0 mpaka 1.9 bila tatizo. Nikatoa 1.10. Hakuna simu hata moja iliyochukua. Nikatoa tena, kimya. Nikamwita kijana mmoja ofisini, nikashika simu yake mwenyewe mkononi: imeandika "Unatumia toleo jipya kabisa", na chini yake 1.9.

Ilinichukua siku nzima. Nilikuwa nalinganisha namba kama maandishi, herufi kwa herufi. Moja na moja sawa. Nukta na nukta sawa. Halafu inafika kwenye 1 ya "10" na 9, inaona 9 ni kubwa, inafunga mjadala. Ningelinganisha kama desimali pia ningeanguka, kwani 1.10 ingesomwa 1.1. Ile nukta si ya desimali jamani. Ni ukuta kati ya namba zinazojitegemea. Baada ya 1.9 inakuja 1.10, na 1.10 ni kubwa kuliko 1.9, na mtu anayejifunza aambiwe hivyo siku ya kwanza.

Mbaya zaidi, dawa ya kasoro ilikuwa ndani ya 1.10, na kasoro yenyewe ndiyo ilizuia 1.10 isifike. Tuliwaita vijana wote arobaini ofisini, tukaweka kwa mkono.

Hata wakubwa yaliwakuta. Opera, wenye kivinjari cha intaneti, walipofika toleo la 10 mwaka 2009, tovuti nyingi zilikuwa zinasoma tarakimu ya kwanza tu na kudhani ni toleo la 1. Wakalazimika kivinjari kijitambulishe kama 9.80 na kuificha 10 pembeni. Siku hizi mimi natumia namba mbili. Android inakupa ile ya kuonyesha watu, na nyingine nzima isiyo na nukta, ya mashine, inayopanda tu: 41, 42, 43. Seva yangu inalinganisha hiyo ya pili.

PunjeYaLinux

Naomba kupingana kidogo na mwanzisha uzi, kwa heshima zote.

Si kila namba ni onyo. Linux, kiini cha mfumo wa kompyuta kinachoendesha seva nyingi, ilitoka 2.6.39 ikawa 3.0 Julai 2011, na Linus Torvalds aliyeianzisha mwenyewe alisema wazi hakuna badiliko kubwa, namba zilikuwa zimerefuka na Linux imefikisha miaka 20. Baadaye 3.19 ikafuatwa na 4.0, 4.20 na 5.0, 5.19 na 6.0. Zikikaribia ishirini, anasogeza mbele. Kwa kanuni zako hayo ni makosa, lakini seva zetu zimevuka zote hizo bila programu kuanguka.

Sababu ni kwamba pale ahadi imewekwa mahali pengine: kiini hakiruhusiwi kuvunja programu za watumiaji, iwe namba imepanda au haikupanda.

Ubuntu, mfumo wa kompyuta uliojengwa juu ya Linux, nao wanatumia tarehe: mwaka, kisha mwezi. Ya kwanza ilikuwa 4.10, yaani Oktoba 2004. Nikiiona seva ina 18.04 najua umri wake papo hapo, na najua imeshapita ile miaka mitano ya matengenezo ya kawaida. Hiyo kwangu ni taarifa bora kuliko kuambiwa "toleo la 9".

MwashiWaKodi

Mkuu PunjeYaLinux, nakubali kwa mfumo mzima wa kompyuta. Mtu haandiki kodi yake juu ya "Ubuntu" yote kwa mkupuo, anataka kujua itatunzwa hadi lini. Ila kwa maktaba (kodi ya mwingine unayoitumia ndani ya yako) au API (mlango ambao programu moja huchukulia data kwa nyingine) tarehe hainisaidii. Nikikuandikia 2024.3, utajua nini kuhusu ile "bei"?

Halafu mashine zenyewe zinaisoma hiyo ahadi. Kwenye npm, chombo kinachoshusha maktaba za JavaScript, ukiandika ^3.4.2 umeiruhusu ichukue chochote kipya mpaka kabla ya 4.0.0. Ukiandika ~3.4.2 umeishia kabla ya 3.5.0. Hakuna binadamu anayeulizwa pale. Mimi nikidanganya kwenye namba, uongo wangu unasambaa usiku watu wamelala.

Kojani2

Assalaam aleikum. Mimi mwanafunzi, nipo Unguja. Natengeneza programu ya kukodi ngalawa kwa wavuvi. Nianze na 0.1 au 1.0? Mwalimu anasema 0.1 mpaka ikamilike, lakini wavuvi wawili washaanza kuitumia.

BintiWaSeva

Wa aleikum salaam mdogo wangu. Sifuri mbele maana yake ni "bado nachora, lolote linaweza kubadilika kesho". Ni ruhusa nzuri kuwa nayo, lakini kuna mtu anaamka alfajiri anaitegemea kwenda baharini. SemVer wenyewe wanasema kama tayari inatumika kwenye kazi halisi, ilipaswa iwe 1.0.0. Iite 1.0.0 leo. Haihitaji kukamilika. Ukija kuvunja kitu, iite 2.0.0 bila aibu, na waeleze wavuvi kabla.

Kojani2

Ahsante dada. Nabadilisha usiku huu.

TakwimuDodoma

Ya kwangu fupi. Kwenye lugha ya Python, toleo la 2 (Python 2) ukigawa 7/2 unapata 3. Python 3 unapata 3.5. Nilikuwa na kodi ya kugawa mifuko ya mbegu kwa kaya, ilitegemea ile 3 bila mimi kujua. Nilipohama, orodha ikatoka na nusu mifuko. Bahati njema nusu mfuko unaonekana kwa macho, nikaikamata kabla haijatumwa kijijini. Tulipewa tangu Desemba 2008 hadi 1 Januari 2020 kuhama, na namba kuu ilibadilika, kwa hiyo lawama sina. Ninachotaka kusema ni kwamba mabadiliko ya hatari ni yale yasiyotoa kosa. print (amri ya kuandika kwenye skrini) bila mabano inagoma palepale kwenye Python 3, unairekebisha. Mgawanyo unakupa jibu kimyakimya, kama bei ya mwashi.

MamaVitabu

Shikamooni wakubwa, marahaba wadogo. Mimi si mtu wa kuandika kodi za programu, ni mhasibu, natumia programu zenu. Niwaambie ya upande wetu.

Sisi namba hatuzielewi. Tunaona dirisha: "Toleo jipya 5.2 lipo. Sasisha sasa?" Mimi nina swali moja tu pale. Kesho asubuhi faili ninalolituma kwa mkaguzi litafunguka kama jana? Hakuna anayenijibu. Kinachoandikwa ni "tumeboresha programu kwa ajili yako". Basi mwisho wa mwezi nabonyeza "Baadaye", na mwisho wa mwezi hauishi. Nimewahi kubonyeza Baadaye mwaka mzima.

Kwa hiyo hata mkipanga namba vizuri, tuandikieni na sentensi moja ya Kiswahili pale kwenye dirisha.

MwashiWaKodi

Marahaba dada, na nashukuru kweli. Umeniambia jambo ambalo hakuna fundi aliyewahi kuniambia.

Wiki ijayo natoa toleo linalobadilisha muundo wa faili la mauzo, na nilikuwa nimeliandika 4.6. Nimelifuta, litakuwa 5.0.0. Kwenye dirisha nimeandika hivi:

"Toleo 5.0.0. Faili la mauzo la Excel limeongezwa safu ya namba ya risiti, iko mwanzoni, kwa hiyo safu ya bei imehama kutoka C kwenda D. Kama mhasibu wako anaingiza faili hili kwenye programu nyingine, mwonyeshe ujumbe huu kabla hujabonyeza. Ukihitaji muundo wa zamani, baki 4.5.7. Tutaendelea kuiwekea viraka vya usalama hadi mwisho wa Desemba."

Je, ungebonyeza?

MamaVitabu

Ningempigia mhasibu mwenzangu kwanza, halafu ningebonyeza. Ila hiyo safu ya risiti ungeiweka mwishoni, C isingehama.

MwashiWaKodi

Ni kweli. Naihamishia mwishoni. Basi inabaki 4.6.0.