Jogoo kwa mitetea sita, nimwache au nimtoe?

mitetea_sita:
Habari wakuu, naombeni mawazo yenu maana hili jambo linanikosesha raha. Nafuga mitetea sita nyuma ya nyumba, kiuwanja chenyewe kidogo, shida yangu mayai ya kula nyumbani tu. Sasa kwenye vifaranga nilivyouziwa kwamba vyote ni jike kuna mmoja upanga umekuwa mwekundu, mkia umeanza kujikunja na asubuhi anajaribu kuwika japo sauti bado inakwaruza. Ni mzuri sana na watoto wameshampenda. Ila jirani yangu tunachangia ukuta na ana mtoto mchanga. Alafu naambiwa mengi, huyu anasema bila jogoo mitetea haitagi vizuri, yule anasema mayai yakishapandwa hayafai kula. Ukweli ni upi, na nyie mngekuwa mimi mngefanyaje?

bandani_muda_wote:
Mkuu nianze na mayai. Mtetea anataga bila jogoo kabisa, yai linatengenezwa ndani kwa masaa 25 hivi na kinachoamua ni umri wake, chakula, maji na mwanga wa mchana. Jogoo hahusiki, kazi yake ni kurutubisha tu. Na yai lililorutubishwa linalika kama kawaida, ladha ile ile, kwasababu haligeuki kuwa kifaranga mpaka lipate joto la kuatamiwa, kama nyuzi 37 na nusu, mfululizo. Okota mayai kila siku uyaweke sehemu ya baridi, hutakaa ukute kitu ndani. Ukilipasua ukaona kwenye kiini kidoa cheupe chenye duara limekizunguka basi ujue lilirutubishwa, ndo tofauti pekee utakayoiona kwa macho.

Kwaiyo swali lako ni moja tu, unataka vifaranga? Kama hutaki sioni sababu ya kumlisha.

mama_vifaranga:
Hapo kwenye vifaranga tu ndo sikubaliani na wewe ndugu yangu. Jogoo mzuri ni mlinzi, mitetea inainamisha vichwa kula yeye kanyanyua shingo anaangalia juu, mwewe akipita anatoa mlio mmoja na wote wanakimbilia kwenye kivuli, na akiona mbwa au paka mlio wake ni mwingine kabisa, ukikaa nao utaanza kuitofautisha. Akipata mdudu hali, anaita mitetea ije ile kwanza. Na ugomvi wa wenyewe kwa wenyewe anautuliza, kundi lisilo na jogoo mara nyingi mtetea mmoja anajifanya mkubwa anawadonoa wenzie.

Ila niseme ukweli, usimtegemee usiku. Kicheche akiingia bandani jogoo haoni gizani na atakuwa wa kwanza kuliwa. Usiku ni mlango imara na wavu wenye matundu madogo, basi. Na kama kuku wako hawatoki nje ya wavu hata huo ulinzi wa mchana hauna kazi kubwa.

mfugaji_wa_ukutani:
Nyie wote mmeruka mambo mawili. La kwanza idadi. Jogoo mmoja kwa kawaida anawekewa mitetea 8 mpaka 12, kwa sita atawapanda hao hao kila siku na kwa kawaida anachagua wawili watatu anaowapenda, hao ndo utawaona mgongo umenyonyoka na manyoya ya kisogoni yameisha, wengine wanapata majeraha ubavuni ya zile kucha zake za nyuma. Wapo majogoo wapole ambao na mitetea mitano hakuna shida, ila huyo wako hujamjua bado, subiri homoni zipande ndo utamuona ni nani. Na kama watoto wanaingia bandani uwe makini sana, jogoo anarukia kwa miguu na kimo cha mtoto mdogo ni usawa wa macho.

La pili kelele. Watu watakushauri umfungie kwenye banda la giza. Inasaidia kidogo ila haimalizi, mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya kule Japani waliweka majogoo kwenye mwanga hafifu muda wote na bado waliwika kwa mzunguko wao, saa iko ndani ya mwili. Zile kola za kubana shingo mi sizipendi kabisa, kuku anapoza mwili kwa kuhema, unamfunga shingo ya nini? Nenda kaongee na jirani leo kabla sauti haijakomaa. Mwenye mtoto mchanga hana hata usingizi wa akiba.

mitetea_sita:
Asanteni sana, mmenifungua. Nimeongea na mama wa mtoto, hakulalamika ila nimemuona usoni alivyochoka na mi siwezi kumuongezea. Yupo mtu namfahamu ana mitetea mingi na eneo kubwa, jogoo wake kazeeka, kakubali kumchukua huyu. Watoto nimewaambia tutakuwa tunaenda kumuona. Ila sasa nna mtetea mmoja dalili zote za kutaka kuatamia, nikitaka vifaranga baadae nafanyaje bila jogoo?

mama_vifaranga:
Umefanya vizuri mpenzi. Mayai utaomba huko huko alikoenda jogoo, ila wape kama wiki tatu kwanza, mtetea anatunza mbegu za jogoo wa zamani mwilini wiki mbili na zaidi kidogo. Subiri mtetea wako atulie kabisa kwenye kiota, akae usiku na mchana, alafu nenda usiku umtolee aliyokuwa analalia umuwekee hayo, yote kwa siku moja ili yaanguliwe pamoja, siku 21. Yaandike kwa penseli maana wenzie watakuja kutagia hapo hapo. Chakula na maji yawe karibu, anashuka mara moja tu kwa siku.

mfugaji_wa_ukutani:
Na katika hivyo vifaranga karibu nusu watakuwa majogoo, kwaiyo muulize kabisa huyo mtu kama atawapokea na hao.