Naomba ushauri: protini ya kutambua aflatoksini kwenye mahindi, nianzie wapi?

BintiNjoro:
Hamjambo wadau. Nasomea baiolojia, mwaka wa nne, nyumbani ni Njoro. Msimu uliopita mama alivuna gunia 20, akaanika kwenye turubai, mvua ikamkuta. Alianika tena hadi punje zikawa zinalia mkononi. Kwa macho, mahindi safi. Wanunuzi walipopima wakayakataa yote, na nauli ya lori ikawa hasara juu ya hasara. Tangu hapo nataka kubuni protini itakayotoa mwanga ikikutana na aflatoksini B1, ile sumu ya ukungu iliyoyakataza mahindi yake, mkulima ajipimie nyumbani. Nina laptopu ya GB 8 tu.

Fundi_Protini:
Pole kwa mama, dada. Umechagua vizuri: molekuli hiyo ni ndogo, uzito wa dalton 312 hivi, bapa, haijipindi. Zinazojikunja ovyo ndizo zinazotesa. Kodi kompyuta mtandaoni. Programu ya RFdiffusion All-Atom huchora umbo la protini kuizunguka molekuli, LigandMPNN huchagua asidi amino za kuujenga mnyororo wake, halafu AlphaFold unaitumia kukagua kama mnyororo utajikunja ulivyokusudia. Ni njia iliyofunguliwa na kina David Baker, mmoja wa washindi wa Nobel ya kemia 2024.

Lakini kushika si kuhisi! Protini inaweza kuishika sumu ikanyamaza kimya. Tazama mimea: protini yao PYR1 ikishika homoni ya asidi absisiki hufunga kilango chake, na hapo protini nyingine, HAB1, hupata pa kujibandika. Kata kimeng'enya cha mwanga vipande viwili, kila protini ipe kimoja. Zikikutana, kinawaka.

Otieno_Nafaka:
Niko maabara ya nafaka hapa Kisumu. Binti yangu, sumu haienei sawasawa. Punje chache zinaweza kuharibu gunia zima. Chomeka bambo sehemu nyingi, saga, changanya. Tena haiyeyuki vizuri majini, sisi huitoa kwa methanoli ya asilimia 70.

BintiNjoro:
Asanteni sana. Mzee Otieno, methanoli si itaiharibu protini? Nikiizimua mara kumi?

Fundi_Protini:
Izimue, ila piga hesabu kwanza. Kikomo cha B1 Kenya ni mikrogramu 5 kwa kilo. Unga gramu 20 kwa mililita 100 unakupa mikrogramu 1 kwa lita. Ukizimua inabaki 0.1, karibu nanomola 0.3 kwa lita. Protini yako ishike kwa nguvu ya kiwango hicho. Anza na mshiko huo, mwanga utafuata.