Naombeni ushauri: Makumbusho ya Zeppelin, Friedrichshafen, kwa siku moja

Mtazama_Anga
Habari za muda huu wakuu. Mwezi wa sita nitakuwa Zürich na mwanangu wa miaka 12, na tumetenga siku moja kwa Makumbusho ya Zeppelin kule Friedrichshafen, Ujerumani, yanayohusu zepelini, yaani meli kubwa za angani zinazoelea kwa gesi nyepesi. Tufikeje? Ndani tuanze na nini? Je, tunaweza siku hiyohiyo kupanda zepelini ya kisasa? Na ile iliyotumwa Afrika Mashariki wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ilikuwaje?

Reli_na_Feri
Mkuu, panda treni ya Zürich hadi Romanshorn, ni saa moja na ushee. Kituo na bandari viko pamoja. Feri inavuka Ziwa Bodensee kwa dakika 40 hivi, na inakushusha karibu na mlango wa makumbusho. Jumba hilo lilikuwa kituo cha reli cha bandarini, likafunguliwa 1933. Makumbusho yaliingia humo 1996. Mkirudi kwa treni au kuja kwa njia ya Ulm, kumbukeni mji una vituo zaidi ya kimoja: cha makumbusho ni Friedrichshafen Hafen, si Stadt.

Bebeni pasipoti, mnavuka mpaka. Viza ya Schengen ya kuingia mara moja inatosha, nchi zote mbili zimo. Uswisi mnalipa kwa faranga, ng'ambo ya ziwa kwa yuro.

Fundi_Duralumini
Wageni wengi hukimbilia ngazi ya kipande kilichojengwa upya cha Hindenburg, zepelini ya abiria ya miaka ya 1930, wakapiga picha vitanda, wakatoka. Hapo wanakosa jambo linaloeleza karibu kila kitu humo ndani, nalo ni uzito.

Zepelini hizi hazikuwa puto kubwa tu. Ni kiunzi kigumu cha duralumini (aloi nyepesi ya alumini), ndani kimepangwa mifuko ya gesi, nje kimevikwa kitambaa kilichopakwa dawa. LZ 129 Hindenburg ilikuwa na urefu wa mita 245, mifuko 16, na gesi ya mita za ujazo 200,000 hivi. Kilichojengwa upya pale ni kipande cha mita 33, kwa ukubwa halisi. Simameni kwanza chini yake, mtafute pau zilizosukwa kwa pembetatu, nyembamba kuliko mtu anavyotarajia kwa chombo kikubwa namna ile. Mkishaielewa hiyo, pandeni.

Chumbani mwonyeshe kijana vitu vitatu: kitanda cha juu na cha chini, kibeseni cha kunawia kinachokunjwa ukutani, na ukuta wenyewe, ambao ni povu jepesi lililofunikwa kitambaa. Jirani akikohoa ulimsikia. Dirisha hakuna, kwa sababu vyumba vya 1936 vilikuwa katikati ya sitaha A, ile ya juu. Mchana abiria walikaa kwenye baraza za pembeni, zenye madirisha yaliyoinama nje, wakitazama bahari chini. Choo na bafu la manyunyu (moja tu kwa abiria wote!) vilikuwa sitaha B, ya chini yake. Nauli ya kuvuka Atlantiki 1936 ilikuwa dola 400 kwenda tu, safari ya siku mbili na nusu hivi.

Kuna swali zuri la kumpa kijana akiwa njiani: injini zikichoma mafuta, chombo kinakuwa chepesi na kutaka kupanda juu. Utafanyaje? Hindenburg ilitumia dizeli, hivyo iliachia haidrojeni, gesi iliyoielesha, au ikakinga maji ya mvua yanayotiririka juu ya mwili wake ili kurudisha uzito. LZ 127 Graf Zeppelin ya 1928 ilikuwa na jibu bora zaidi kwa maoni yangu: injini zake zilichoma gesi yenye uzito unaokaribia ule wa hewa, kwa hiyo ikiungua na hewa ikishika nafasi yake, uzito haubadiliki sana.

Ingieni mara milango inapofunguliwa. Vyumba vile ni vyembamba, kundi moja la watalii linaziba njia. Sehemu ya sanaa iacheni mwisho. Saa tatu zinatosha.

Heli_Safi
Kuhusu kupanda: Zeppelin NT inarukia uwanja wa ndege wa Friedrichshafen, si bandarini. Ina urefu wa mita 75 na inatumia heli, gesi nyepesi isiyowaka. Kata tiketi mapema, na upange kuruka asubuhi, makumbusho mchana. Upepo ukizidi safari inafutwa au kusogezwa, na ukiwa umepanga jioni huna tena muda wa kusubiri. Msishangae abiria wakibadilishana wawili wawili, wawili wanashuka ndipo wawili wapande. Wote wakishuka kwa pamoja chombo kinapaa.

Daftari_la_Vita
Hiyo unayoiulizia ni L 59, namba ya kiwandani LZ 104. Ukiuliza mapokezini tumia majina hayo. Iliondoka Jamboli, Bulgaria, tarehe 21 Novemba 1917 ikiwa na tani 15 hivi za risasi, dawa na vifaa kwa jeshi la von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku Afrika Mashariki. Haikupangiwa kurudi, kwani huku kusingekuwa na haidrojeni ya kuijaza. Ilikusudiwa ivunjwevunjwe: kitambaa cha nje kiwe mahema, ngozi ya njia ya ndani iwe viatu. Ilipofika magharibi ya Khartoum ikaitwa irudi kwa redio. Ilitua Jamboli baada ya saa 95 na kilomita zaidi ya 6,700 bila kusimama.

Mtazama_Anga
Shukrani sana wakuu. Kijana ataniuliza kwa nini walijaza haidrojeni wakijua inawaka.

Fundi_Duralumini
Mwambie Hindenburg ilibuniwa kwa heli, lakini Marekani ndiyo iliyokuwa nayo kwa wingi na sheria yake ya 1927 ilizuia kuiuza nje. Haidrojeni ilipatikana kwa urahisi, tena inanyanyua zaidi: mita moja ya ujazo hubeba kilo 1.1 hivi, heli inapungua kwa asilimia 7. Kwa chombo kile ni tofauti ya tani 16 hivi. Akiuliza ya Lakehurst, Marekani, ambako Hindenburg iliwaka moto ikitua tarehe 6 Mei 1937, usimfiche: waliokuwemo ni 97, kati yao walikufa 35 na 62 walitoka hai; zaidi ya hao alikufa mfanyakazi mmoja aliyekuwa ardhini. Cheche ilitoka wapi hasa, bado wataalamu wanabishana.