Bendera ya Japani aliyorudi nayo babu toka Burma, nairudishaje kwao?

Kijana wa Igoma: Wakuu habarini, babu mzaa baba alikuwa KAR, lile jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki, akapigana Burma (Myanmar ya leo) Vita vya Pili vya Dunia, sasa tumefungua sanduku lake la bati tukakuta bendera ya Japani, duara jekundu katikati na maandishi ya wino kuzunguka pande zote, nyumbani wanasema ilikuwa ya rubani. Kuna jamaa ananiambia niiuze mtandaoni, sitaki kabisa, hiki ni kitu cha marehemu wa watu. Naanzia wapi?

Mama Kirumba: Usiuze mwanangu. Hayo ni majina na maneno ya heri, ndugu na majirani walimwandikia akienda vitani, askari wa miguu walibeba na marubani pia. Familia nyingi kule hazikupata hata mfupa wa kuzika. Usiifue wala kupiga pasi, wino utachuja, ipige picha tu.

Mzee wa Pasiansi: Watafute OBON Society, wako Astoria, Oregon huko Marekani, wanasoma hayo majina hadi wanaipata familia na hawachaji hela. Ila waandikie na habari za babu, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki mwaka 1944 ilipita bonde la Kabaw kwenda Kalewa, kama aliwahi kutaja huko weka, inasaidia sana.

Kijana wa Igoma: Asanteni sana wazee wangu. Bibi yuko Sengerema, wikiendi navuka na feri ya Kamanga nikamuulize anachokumbuka, halafu ndo nawaandikia.